Mtego wa Sauti ya Pili

Wewe kijana unayesoma kurasa hizi, kabla sijaanza ningependa kujua nani amekupa. Usikasirike. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na katika miaka hiyo sijawahi kuona karatasi yangu mikononi mwa mtu bila kujiuliza imefikaje. Sasa nimestaafu, goti la kushoto linakataa ngazi, na masikio yanachagua ya kusikia. Ila tabia ya kujiuliza haijastaafu. Basi soma, lakini ujue ninakutazama.

Nilitunga na kufundisha nyimbo za kwaya, kwanza Uvira, pale ziwani, kisha hapa Johannesburg, katika ukumbi mdogo wa ghorofani, mtaa wa Bertrams. Chini yetu kulikuwa na saluni ya kusuka nywele. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na spaza, yaani kiduka cha mtaani, na mtu wa spaza alikuwa anapunguza redio yake tukianza mazoezi. Watu walisema ni heshima. Mimi nilisema anasikiliza ili ajifunze wimbo.

Wengi mnaoanza kufundisha leo mnatuma sauti kwenye simu. Mwalimu anajirekodi nyumbani kwake, kila mwimbaji anasikiliza akiwa ndani ya teksi, Jumamosi wanakutana na kila mmoja ameshika sauti ya mwalimu pamoja na mafua ya mwalimu. Sisi tulitumia nota za herufi: d, r, m, f, s, l, t. Do, re, mi, mpaka juu. Ukiwa na kalamu na karatasi ya daftari, unaweza kuandika wimbo wa sauti nne: ya kwanza na ya pili kwa wanawake, ya tatu na ya nne, yaani besi, kwa wanaume. Uzuri wake ni kwamba do haina mahali pake pa kudumu. Leo unaiweka chini, kesho unaipandisha, na wimbo wote unaifuata. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi. Lazima ujue do ya wimbo huo ni ipi, kama ni C au G au nyingine, la sivyo unaweza kuanza juu mno, ukifika kibwagizo kina mama wanapasuka koo.

Mimi nilikuwa naibeba do kichwani. Nina diapazo, kile kijiti cha chuma chenye meno mawili. Unakigonga gotini, unakisogeza sikioni, kinakupa nota yake ya la, na kutoka hapo unatafuta do unayoitaka. Nilikuwa nawageuzia waimbaji mgongo, nagonga, nasikiliza, kisha nageuka na kuwapa kila sauti nota yake ya kuanzia. Waliniona kama mtu anayepiga simu kwa Mungu. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikusema.

Haya niliyajifunza kwa kuumia. Nikiwa Uvira, kijana kama wewe, niliandika wimbo wangu wa kwanza wa sauti nne ubaoni, wote mzima, pamoja na do yake. Nilijisikia mkubwa. Jumapili iliyofuata kwaya ya mtaa wa jirani waliuimba asubuhi, sisi tukauimba mchana, na watu wakaninyooshea kidole kwamba nimeiga. Nilikwenda kwa mwalimu wangu, mzee Bisimwa, karibu nilie. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

"Uliandika sauti zote pamoja?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Na do pia?"

"Ndiyo."

"Basi hukuibiwa. Uligawa." Akachukua muhogo mwingine. "Kila sauti na karatasi yake. Do ibaki nawe."

Nilishika neno hilo zaidi ya miaka thelathini. Katika muda wote huo hakuna mwimbaji aliyeona sauti zangu nne kwenye karatasi moja. Nyumbani nilikuwa na daftari zima, ndiyo, lakini lilikaa ndani ya mfuko wa unga, na mfuko wa unga ulikaa juu ya kabati. Mke wangu, alipokuwa hai, aliwahi kutikisa mfuko huo akitafuta unga wa ugali akapata Zaburi nilizozitungia sauti. Alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa nikueleze juu ya Mama Furaha, maana bila yeye sina cha kukufundisha.

Mama Furaha ni fundi cherehani, mtu wa Bukavu, ana duka lake dogo pale pale Bertrams. Alikuwa nguzo ya sauti ya pili tangu siku ya kwanza ya kwaya yetu. Kama hujafundisha kwaya bado, nikwambie: sauti ya pili ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Sauti ya kwanza wanapewa wimbo wenyewe, mtu yeyote anaushika. Besi wanakuja wamechoka na kazi, wanaunguruma, watu wanafurahi. Lakini sauti ya pili wanaimba kitu ambacho hakuna mtu atakayekipigia mluzi akienda sokoni, na pembeni yao sauti ya kwanza inawavuta kila dakika. Ukitaka waishike, wape mmoja mwenye msimamo, wengine wamsikilize. Usiwaweke katikati ya ukumbi. Waweke pembeni, ukutani, ili sikio lao moja lipumzike.

Mama Furaha nilimfundisha nota dukani kwake. Alikuwa anashona huku anaimba herufi, mguu wake ukikanyaga cherehani ndio ukawa wa kupiga mapigo. Akikosea nota alirudisha mshono pia. Baada ya mwaka mmoja alikuwa anasoma kuliko mimi nilivyosoma nikiwa na umri wake. Yeye ndiye aliyeshona majoho yetu ya bluu, na kila joho alishona ndani yake alama ndogo ya uzi mweupe kuonyesha ni la sauti gani. Alinipenda kama kaka, na mimi nilimpenda. Nalisema hili wazi ili ujue nilichokivunja.

Mwaka mmoja nilitunga wimbo ambao nadhani ndio bora niliowahi kutunga. Niliutunga nikiwa kwenye foleni ya kuhuisha karatasi za ukimbizi, tangu alfajiri, mvua inanyesha, na nilipofika mbele dirisha likafungwa. Maneno yake ni mafupi: Bwana, foleni yako ni ndefu, lakini dirisha lako halifungwi, tupokee. Kila mtu wa kwaya yetu amesimama kwenye foleni hiyo. Tulipoanza kujifunza kibwagizo, Papa Deo wa besi, Mrundi mmoja mlinzi wa getini mwenye kifua cha pipa, alitoka nje kidogo akarudi macho mekundu.

Tulikuwa tuuimbe kwenye tamasha la kwaya, Newtown. Lakini mwaka uliotangulia wimbo wangu mwingine ulikuwa umesikika La Rochelle, mtaa wa kusini mwa jiji, kwenye kwaya moja ya huko, kabla hatujauimba hadharani hata mara moja. Tulipouimba hatimaye, mtu wa La Rochelle alinipongeza sokoni: "Papa Mwalimu, na ninyi mmejifunza wimbo wetu?" Wimbo wetu! Sikulala vizuri wiki nzima.

Kwanza nilishuku simu. Nikaleta beseni la kufulia, nikaliweka mlangoni, kila mwimbaji akaweka simu yake humo, Papa Deo akalinda. Alilinda kwa moyo, maana ndiyo kazi yake. Alimkagua hata mchungaji. Tukawa tunaimba sehemu ya maombi polepole, beseni linaita kwa sauti kumi tofauti, linatetemeka sakafuni kama kuku anataka kutaga. Na bado, mwezi haukuisha, nikasikia vipande vya nyimbo zetu vinaimbwa kule.

Kama si simu, basi ni karatasi. Kama ni karatasi, ni karatasi ya nani? Hapo ndipo akili yangu ilipopata kazi iliyoipenda kupita kiasi. Nikaamua kutega.

Nilichukua wimbo wa foleni nikaingiza nota moja ya uongo katika kila sauti. Sauti ya kwanza niliiandikia la mahali pa so. Sauti ya tatu nikawapa fa ambapo palistahili so. Besi nikawapa re mahali pa do, na hiyo ni sawa na kumwondolea mtu kiti anapotaka kukaa. Sauti ya pili, kwenye neno la mwisho, tupokee, niliandika fa mahali pa mi, kisha ndipo mi ikafuata. Nikagawa karatasi. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nitakwenda La Rochelle, nitasikiliza, na kosa nitakalolisikia litaniambia karatasi ilitoka kwa nani. Siku ya tamasha ikikaribia nitasahihisha. Nilijiona mpelelezi.

Waimbaji walilalamika mara moja.

"Papa Mwalimu, hapa panakwaruza," wakasema sauti ya kwanza.

"Imbeni kilichoandikwa."

"Eish, Papa Mwalimu," Papa Deo akasema, "hii nota inanikaba."

"Imba kilichoandikwa, Papa Deo."

Sauti ya tatu nao wakanung'unika. Ni Mama Furaha peke yake ambaye hakusema neno. Aliimba fa yake, akaishikilia kidogo, akashuka mi, akafumba macho. Wenzake wakamfuata. Unadhani nilifikiri nini? Nilifikiri: mbona huyu hanung'uniki? Anasoma nota kuliko wote, lazima ameona kosa. Anayejua kosa na kunyamaza ana lake jambo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, kijana, na nilijisifu.

Jumapili moja nikavaa kofia nisiyoivaa kamwe, nikapanda teksi mpaka La Rochelle. Nikakaa nyuma ya nguzo. Kwaya ikasimama, mwalimu wao, mwanamke mwenye kitambaa cha kichwa cha njano, akanipa mgongo muda wote. Wakaimba wimbo wangu wa foleni. Wote, mwanzo mpaka mwisho.

Nikasikiliza mitego yangu mmoja mmoja. Sauti ya kwanza: so, safi, hakuna la. Sauti ya tatu: safi. Besi: safi. Wakafika tupokee, na sauti ya pili wakakaa juu ya fa, wakaning'inia, wakashuka mi. Ngozi ilinisisimka. Nilidhani ni kwa sababu nimempata mwizi.

Wiki mbili kabla ya tamasha, mbele ya kwaya nzima, nilisema jina lake. Nilieleza mtego wangu kama mtu anayeeleza hesabu. Nikamaliza kwa kusema hatuwezi kuimba na mtu anayetuuza.

Mama Furaha hakupiga kelele. Alinitazama kwanza kama anayengoja nicheke.

"Miye, Papa Mwalimu?"

"Karatasi ni yako."

"Karatasi iko apa." Akaitoa kwenye Biblia yake, imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya kiti. Kisha akachukua mkoba wake. Mlangoni alichutama akatafuta simu yake ndani ya beseni, na ilichukua muda mrefu kuipata, na sisi sote tulimwangalia tu. Papa Deo peke yake ndiye aliyemsaidia kuitafuta. Akashuka ngazi.

Newtown tuliimba vibaya. Nilikuwa nimesahihisha mitego yote, karatasi zilikuwa sahihi kabisa, lakini sauti ya pili bila Mama Furaha walikuwa kama nguo isiyo na pindo. Kufika ubeti wa pili walikuwa wameshahamia sauti ya kwanza. Kwenye tupokee tulikuwa kwaya ya sauti tatu, na watu walipiga makofi ya kutuhurumia. Niliona aibu. Lakini nikwambie ukweli wote: hata siku hiyo nilimlaumu yeye.

Ilipita kama miezi mitatu. Mchana mmoja nilikwenda ukumbini kuchukua ubao, umeme umekatwa eneo lote. Nikiteremka ngazi, goti likaniambia nipumzike, nikakaa kwenye kipandio cha chini karibu na mlango wa saluni. Siku zote mle ndani mashine za kukaushia nywele zinavuma, ukiwa nje huwezi kumsikia mtu wa ndani. Siku hiyo zilikuwa kimya. Na ndani ya kimya hicho mtu alikuwa anaimba wimbo wa foleni. Akaimba mstari wa sauti ya kwanza, akaruka akaimba wa tatu, akateremka mpaka besi kwa sauti yake ya kike, kisha akarudi juu. Zote nne. Nikachungulia kutoka pale pale kwenye kipandio: hana karatasi, mikono yote miwili iko kichwani mwa mteja, anasuka.

Alikuwa Solange, mwenye saluni, Mkongo kama mimi. Kwa miaka nilipita mlango wake bila kumsalimu ipasavyo, kwa sababu niliamini wasusi wanabeba maneno. Kwenye msumari nyuma yake kilining'inia kitambaa cha njano.

"Wewe ndiye unafundisha La Rochelle," nikasema.

"Ndiyo, Papa Mwalimu! Karibu, ukae." Alifurahi kweli kuniona. "Kila Jumamosi mnaimba juu ya kichwa yangu. Dari ni mbao tu. Kipande kimoja mnarudia mara ishirini, ata mteja anashika."

"Hukuona ni wizi?"

Mikono yake ikasimama. "Wizi? Si ni nyimbo za Mungu? Na madirisha mnaacha wazi. Nilizania unajua. Nikakusalimia kila siku, nikasema huyu mzee anajua, njo maana hajibu."

Nikamuuliza juu ya zile nota nne za uongo.

"Aa, zile!" akacheka. "Besi yenu walikuwa wanakosea, na ile sauti ya tatu, na kina mama wa kwanza. Nikasema, hawa wamechoka, nikatengeneza kwa masikio tu. Lakini ile ya sauti ya pili, kwa tupokee, ile sikugusa. Ile ndiyo utamu wa wimbo yote. Nikasema, pale Papa Mwalimu aliota."

Nilikaa pale mpaka umeme uliporudi na mashine zikaanza kuvuma. Kijana, sikiliza hili kama fundi. Mtego wangu haukumkamata mtu. Solange alisikia makosa yote manne, akatupa matatu kwa sababu yalikuwa mabaya, akabakiza moja kwa sababu lilikuwa zuri. Mimi mtunzi sikulisikia kuwa zuri, maana nilikuwa nasikiliza kama askari. Na Mama Furaha hakunung'unika kwa sababu aliusikia uzuri huo. Nililia pale kwenye ngazi, mteja wa Solange akaniletea karatasi ya kufuta mikono.

Niliomba msamaha mbele ya kwaya kwanza, maana nilikosea mbele yao. Kisha nikaenda dukani kwa Mama Furaha. Alikuwa anashona shati la shule. Hakuacha kushona, na mimi sikustahili aache. Nikamwambia yote: ngazi, Solange, dari, mtego. Nilipofika kwenye fa yake mguu ukasimama.

"Ile fa ilikuwa mtego?"

"Ilikuwa mtego."

Alitazama sindano. "Miye nilizania ulinipatia zawadi," akasema. "Miaka yote nyimbo zako zinapatia sauti ya kwanza vizuri vyote. Siku ile nikasema, leo Papa Mwalimu ametukumbuka sisi wa pembeni. Nikaenda nyumba nikaimbia watoto yangu."

Nikainama nikaokota vipande vya uzi sakafuni.

"Nimekusamehe," akasema baadaye, "lakini kurudi, hapana. Niko naimba kwa Solange sasa. Kule kuko watoto wengi, wanazungumza Kingereza na Kizulu, Kiswahili wanasikia tu. Nawafundisha nota. Ukitaka kunifanyia kitu, niandikie ule wimbo. Sauti zote ine. Karatasi moja."

Alisogeza kitambaa kwenye meza ya kukatia, akanipa kalamu na karatasi ya kukatia mitindo, ile kubwa ya kahawia. Nikaandika. Kila nota niliiweka polepole, kama mtu anayesaini hati ya nyumba. Sauti ya kwanza, na chini yake ya pili, na chini yake ya tatu, na chini yake besi, nota chini ya nota, kama nilivyoandika mbele ya watu mara moja tu maishani, ubaoni Uvira. Kwenye tupokee niliandika fa, nikaizungushia duara.

Akaichukua, akaisoma yote kwa macho, mguu ukigonga sakafu polepole. Alipofika kwenye duara alitabasamu kidogo. Kisha akarudi juu kabisa ya karatasi, akatafuta, akageuza nyuma, akageuza tena.

"Papa Mwalimu," akasema, "na do iko wapi?"

Naapa sikukusudia. Kichwa kilikuwa kimeificha chenyewe, kwa mazoea. Akanirudishia kalamu, akangoja.

Nikatazama mlangoni kwanza. Hakukuwa na mtu. Nikainama juu ya karatasi, nikaandika pale juu, kwa herufi kubwa ambazo hata mtoto angezisoma: Do ni G.